TAMKO LA KATIBU WA TAWI: FUVU LOLOTE SI MANGI MELI

*Kwa:* Wanachama wote wa Tawi, mlioko Old Moshi na mlioko nje
*Kutoka:* Ofisi ya Katibu wa Tawi
*Tarehe:* Jumapili, 25 Februari 2024

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wajumbe wa Kamati ya Utendaji, wazee wetu, mama zetu, vijana, ndugu wanachama wote,

Ujumbe huu ni mrefu kuliko matangazo niliyozoea kuwatumia. Mwenye haraka anaweza kushuka hadi kwenye maazimio, lakini naomba msome wote. Jumamosi ijayo, tarehe 2 Machi, tutakuwa Tsuduni chini ya ule mti kama kila mwaka, na jioni yake Tawi litakaa kupiga kura. Kura hiyo ndiyo inayonifanya niandike.

Kwa ambao hamkuwepo kwenye kikao cha tarehe 17: ililetwa hoja kwamba Tawi liombe, kupitia ngazi za juu, Wajerumani watuletee fuvu moja kati ya yale yaliyotoka huku Kilimanjaro, lizikwe Old Moshi kwa jina la Mangi Meli kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa mwaka huu. Mjumbe mmoja aliuliza itakuwaje kama fuvu hilo si lake. Akajibiwa, na nimeandika kwenye muhtasari neno kwa neno: "Nani atajua? Fuvu ni fuvu." Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Giza likaingia, hoja ikaahirishwa.

Siku ile nilinyamaza kwa sababu kazi ya Katibu kikaoni ni kuandika. Tangu hapo nimesikiliza sauti mnazotumiana humu kwenye grupu, na nimeona kwamba hoja hii inaweza kupita. Kwa hiyo leo naweka kalamu ya mihtasari pembeni na kusema langu: hoja hii ni ya aibu, na naomba iangushwe.

*1. TUNACHOKIJUA*

Tuanze na yale yasiyo na ubishi. Juni 1892 jeshi la Mangi Meli liliwapiga Wajerumani hapa hapa kwetu, na ofisa wao, von Bülow, akafa. Agosti 1893 Wajerumani wakarudi na nguvu kubwa zaidi, wakashinda. Tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga Meli pamoja na viongozi wenzake wa Wachagga, Wameru na Waarusha, jumla yao 19, kwa madai kwamba walipanga kuishambulia boma. Habari tuliyoachiwa na wazee ni kwamba kichwa cha Meli kilikatwa kikapelekwa Ujerumani.

Tunajua pia vichwa vilikuwa vinakwenda wapi. Berlin alikuwepo msomi aliyeitwa Felix von Luschan, ambaye aliwaomba maofisa na wasafiri kwenye makoloni wamtumie mafuvu ya watu, ili ayapime na kuyapanga kwa kile walichokiita mbari. Vichwa vya walionyongwa vilikwenda, na mifupa ya makaburini ilifukuliwa ikaenda. Luschan alipofariki mwaka 1924, mkusanyiko haukufa naye. Ulihamishwa kutoka taasisi hadi taasisi, ukapita katika hospitali ya Charité, na mwaka 2011 mafuvu yapatayo 7,700 yakakabidhiwa kwa taasisi inayosimamia makumbusho za taifa za Berlin.

Kati ya hayo, zaidi ya 1,100 yalitoka katika eneo lililokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mengi asili yake ni Rwanda ya leo. Yapatayo 200 asili yake ni Tanzania. Kuanzia mwaka 2017 watafiti wa Ujerumani, wakishirikiana na wenzao wa huku, walianza kufuatilia ni ya nani. Septemba 2023 wakatangaza matokeo: vinasaba vya mafuvu matatu vimelingana na vya watu walio hai hapa Tanzania. Moja limelingana kikamilifu. Mawili karibu kikamilifu. Moja kati ya hayo matatu ni la Akida, mshauri mkubwa wa Mangi Meli.

La Meli mwenyewe halijapatikana. Mjukuu wake alitoa sampuli, na hakuna fuvu lililolingana naye. Hilo ndilo jibu tulilo nalo mpaka leo, na ni jibu chungu. Lakini hatuna ruhusa ya kulibadilisha jibu kwa sababu hatulipendi.

*2. HESABU HII MBONA HAIFUNGI*

Nina stashahada ya uhasibu na nimefanya kazi ya vitabu vya fedha kwa zaidi ya miaka 15, kwa hiyo mniruhusu niseme kwa lugha yangu.

Katika hesabu kuna akaunti tunayoifungua pale fedha inapoingia na hatujui ni ya nani. Kwa mfano, mkulima ameweka pesa benki kwa ajili ya chama cha ushirika, akasahau kuandika jina. Huwezi kuikataa, maana imeshaingia. Huwezi kumwandikia mkulima mwingine, maana si yake. Unaiweka kwenye akaunti ya kusubiri, na kila mwezi mkaguzi anakuuliza umefikia wapi kumtafuta mwenyewe.

Kuna njia mbili za kuisafisha akaunti hiyo. Ya kwanza ni ngumu: unarudi kwenye stakabadhi, unapiga simu, unauliza wakulima mmoja mmoja. Ya pili ni rahisi: unachagua jina lolote kwenye orodha, unaandika, akaunti inasoma sifuri, bosi anafurahi. Njia ya pili ina jina lake. Inaitwa kughushi. Nimeona watu wakipoteza kazi kwa ajili yake, tena kwa pesa kidogo tu.

Hoja ya tarehe 17 inatutaka tughushi. Tofauti ni kwamba safari hii kinachoandikiwa jina la uongo ni kichwa cha mtu.

Sasa angalieni kilichowezesha yale mafuvu matatu kupata ndugu zao. Watu wengi wanadhani ni mashine tu: unaweka fuvu, unaweka mate ya mjukuu, jina linatoka. Haiko hivyo. Kati ya mafuvu zaidi ya 1,100, ni manane tu yaliyokuwa na maelezo ya kutosha kiasi cha kujua ni koo gani ziulizwe. Manane! Na katika manane hayo, matatu yakapata wenyewe. La Akida lilikuwa na kumbukumbu inayomtaja. Neno moja tu lililobaki kwenye maandishi kwa miaka zaidi ya 100 ndilo lililowaongoza watafiti hadi mlangoni kwa kizazi chake.

Ndugu wanachama, someni hesabu hiyo tena. Palipokuwa na maelezo, matatu kati ya manane yalipata ndugu. Pasipokuwa na maelezo, hakuna hata pa kuanzia. Kinachokwamisha kazi ni taarifa: nani alichukuliwa, kutoka kijiji gani, wa ukoo gani, mwaka gani. Nusu ya taarifa hizo iko kwenye makabati ya Berlin. Nusu nyingine iko kwenye vichwa vya wazee wetu, vihambani, na hakuna Mjerumani atakayekuja kuitoa kama sisi wenyewe hatuitoi.

Vinasaba navyo vina mipaka yake, na ni vizuri tuijue. Ipo sehemu inayopita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume peke yake, na ipo inayopita kutoka kwa mama kwenda kwa watoto wake wote. Ile ya baba inafuata njia ile ile ambayo ukoo wetu wa Kichagga unafuata. Kwa hiyo maabara inaweza kusema: fuvu hili ni la ukoo fulani. Lakini ndugu wawili wa baba mmoja wanafanana katika sehemu hiyo, na mjomba hafanani na mpwa wake. Ili kusema huyu ni fulani mwana wa fulani, aliyenyongwa, na si mdogo wake aliyefia nyumbani, unahitaji mtu anayekijua kizazi kile. Maabara inakufikisha kwenye geti la kihamba. Kuingia ndani, unaingizwa na mzee.

*3. YA MKWAWA YATUFUNDISHE*

Kuna waliosema humu: "Mbona Wahehe waliletewa fuvu la Mkwawa na mambo yakaisha?" Nashukuru kwa mfano huo, kwa sababu ni mfano dhidi yenu.

Mtwa Mkwawa alijipiga risasi Julai 1898 ili asishikwe, na Wajerumani wakachukua kichwa chake. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, uliwapa Wajerumani miezi sita kulikabidhi fuvu lake kwa serikali ya Uingereza. Miezi sita ikapita, ikawa miaka zaidi ya 30. Mwishowe Gavana Twining alikwenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, akaonyeshwa mafuvu mengi, akachagua kwa vigezo: vipimo vinavyokaribiana na vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa, na tundu linalofanana na la risasi. Juni 1954 fuvu hilo likakabidhiwa Kalenga kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, ambaye baadaye tulimjua sote kama Spika wa Bunge letu.

Mimi siwavunjii heshima Wahehe. Fuvu lile wamelitunza na kuliheshimu kwa miaka 70, na wana haki nalo. Lakini swali la wanahistoria kwamba je, ni lenyewe, halijanyamaza mpaka leo, na halijanyamaza kwa sababu ya namna lilivyochaguliwa. Gavana alikuwa na haraka. Alikuwa na siasa zake. Alitumia upimaji wa vichwa, elimu ile ile ya akina Luschan iliyosababisha vichwa vikatwe. Mwaka 1954 hakikuwepo kipimo kingine, kwa hiyo tunaweza kumwelewa. Sisi mwaka 2024 kipimo kipo, na tumeona kinafanya kazi kwa Akida. Tukichagua kwa kunyoosha kidole, tutakuwa nyuma ya Twining.

Na muulizeni mtoa hoja swali hili: fuvu hilo "lolote" litakuwa la nani? Maana halitakuwa la bure. Litakuwa la mtu. Huenda ni la Mmeru, huenda la Mwarusha, huenda la mtu wa Kibosho au Marangu ambaye kizazi chake kinalitafuta sasa hivi. Mwezi huu huko Berlin imeonyeshwa filamu inayozifuata familia mbili za Tanzania, moja ya Songea na moja ya Meru, zinazotafuta vichwa vya babu zao. Jina la filamu hiyo ni Kaburi Tupu. Watu wale wamepanda ndege, wamekaa kwenye vikao na wazungu, wamelia mbele ya kamera. Leo tuchukue babu yao, tumzike Old Moshi chini ya jina la Meli, tupige ngoma, tuhutubie? Mjerumani aliiba kichwa. Sisi tutaiba jina lake lililobaki.

*4. KWA WANAOSEMA "MIFUPA HAILETI MAJI"*

Kundi la pili humu halitaki fuvu lolote wala lenyewe. Linasema kuna bei ya kahawa, kuna barabara inayokatika kila masika, kuna zahanati isiyo na dawa, na Katibu anatuletea habari za mifupa.

Nawajibu kwa heshima, kwa sababu matatizo hayo ni ya kweli na mimi ndiye ninayeyaandika kila mwezi kwenye taarifa. Lakini niambieni ni lini barabara ilikosa kujengwa kwa sababu pesa yake ilikwenda kutafuta fuvu la Meli. Haijatokea, kwa sababu Tawi hili halijawahi kutoa hata senti moja kwa kazi hiyo. Hamwezi kuifanya kazi isiyofanyika kuwa sababu ya kazi nyingine kutofanyika.

Nami nina swali. Serikali ya kijiji isiyoweza kuandika orodha ya watu 19 walionyongwa kwenye ardhi yake, itaaminiwaje na orodha ya kaya zinazodai maji? Kumjua mtu kwa jina lake na kumwandika kwenye daftari ndiyo kazi ya kwanza ya uongozi. Mkoloni aliwanyang'anya watu wetu majina akawapa namba ili wasiwe watu. Kiongozi anayesema "namba inatosha" kwa wafu, mtazameni vizuri atakapoanza kuhesabu walio hai.

Kuna wanaosema pia kwamba kaburi la Meli litaleta watalii. Huenda. Sanamu yake ipo, mti upo, na wageni wanakuja. Lakini mgeni wa siku hizi anakuja na maswali, na fuvu lililozikwa kwa uongo linaweza kufukuliwa na kupimwa siku yoyote. Siku hiyo watakaoonekana matapeli hawatakuwa Wajerumani.

*5. KWA WAPENDWA WANAOSEMA NI MATAMBIKO*

Ndugu zetu wa makanisani, nawaheshimu, na mimi ni mmoja wenu. Jumapili hii nimetoka ibadani kabla ya kuandika. Mmoja wenu ameandika kwamba Mkristo hahangaiki na mifupa kwa sababu roho ilishakwenda.

Someni tena habari za Yusufu. Aliwaapisha ndugu zake kwamba wakitoka Misri wasiiache mifupa yake huko, na Musa alipotoka na taifa zima, katika pilika ile yote, aliibeba. Hakubeba mifupa ya Mmisri yeyote aliyeikuta njiani akasema inatosha.

Na kwa upande wa mila, wazee mnajua kuliko mimi. Zamani mtu alizikwa, na baada ya muda fuvu lake lilitolewa likawekwa kwenye kihamba chake mahali palipozungushiwa masale. Kila fuvu lilikuwa na mahali pake na watu wake. Hakuna aliyeweka fuvu la jirani kwenye masale ya baba yake. Hata anayekuja na sale kuomba msamaha, kwa mila zetu, huja akilitaja kosa lake. Novemba iliyopita Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alikwenda Songea akaomba msamaha kwa vita vya Maji Maji, mbele ya kizazi cha Nduna Songea Mbano aliyenyongwa mwaka 1906, na akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu lake. Ni neno zuri. Lakini sale bila kurudisha kilichochukuliwa hubaki jani tu. Na sisi tukipokea fuvu lolote, tutakuwa tumempa risiti ya deni ambalo hajalilipa. Tukishasaini kwamba Meli amerudi, nani ataendelea kumtafuta?

*6. LAWAMA YETU WENYEWE*

Nimewasema wengine, sasa nijiseme mimi na Tawi.

Nimepitia daftari la mihtasari tangu nilipochaguliwa. Kila mwezi wa pili au wa tatu, suala la Mangi Meli limo. Liko wapi? Kwenye Mengineyo. Kila mwaka tumeandika "suala lifuatiliwe". Hakuna mahali palipoandikwa na nani, wala lini. Mhasibu yeyote anajua maana yake: deni lisilo na mdaiwa halikusanywi.

Na hili la pili linaniuma. Katika ukoo wetu kuna habari ya babu mmoja aliyechukuliwa siku zile za Meli na hakurudi. Mimi namjua kwa jina la ukoo tu. Aliyekuwa anajua jina lake lenyewe, jina la mama yake, na kihamba alichotoka, alikuwa baba yangu mkubwa. Miaka mitatu mfululizo aliniambia: "Wewe uliyesoma, njoo na karatasi uandike." Nilikuwa na hesabu za kufunga. Nilikuwa na vikao vya Chama. Nikasema Krismasi. Krismasi ikafika nikasema Pasaka. Januari mwaka huu tumemzika. Wengi wenu mlikuwepo, na mliniona nikisimama kusoma historia ya marehemu iliyoandikwa vizuri, na tarehe zote. Jina la yule babu halikuwemo. Nilikuwa nalo umbali wa dakika kumi kwa miguu, nikaliacha liende.

Kwa hiyo mtu akiniambia "Nani atajua?", najua ni swali gani hilo. Hakuna atakayejua, kama wote tutafanya kama mimi nilivyofanya. Kama kuna fuvu huko Berlin la mtu wa ukoo wetu, mate yangu yanaweza kuonyesha kwamba ni wa kwetu. Aitwe nani, siwezi tena kusema. Wapo wazee kwenye vitongoji vyetu ambao bado wanaweza kusema ya kwao. Baadhi yao hawataiona Machi ijayo.

*7. MAAZIMIO NINAYOLETA JUMAMOSI*

Naileta hoja mbadala, ili tusipinge tu bila kazi ya kufanya:

*Moja.* Tawi likatae fuvu lolote kuzikwa kwa jina la Mangi Meli, au la mtu mwingine yeyote, bila vipimo vya vinasaba, bila maelezo ya lilikotoka, na bila ridhaa ya ukoo unaohusika. Yote matatu kwa pamoja.

*Mbili.* Tufungue Daftari la Waliochukuliwa. Kila kitongoji kitoe kijana mmoja anayeandika vizuri na mama mmoja anayezijua koo. Waende kwa wazee, waandike: jina la aliyechukuliwa, jina la baba yake na la mama yake, kihamba, jinsi alivyochukuliwa, na nani alimsimulia msimulizi. Pasipojulikana waache wazi. Asijaze mtu kwa kubahatisha. Mwenye simu arekodi na sauti. Rasimu ya kwanza iwe mezani ifikapo mwisho wa Mei, na mwenye dhamana niandikwe mimi kwa jina.

*Tatu.* Tumwandikie diwani na mbunge, waiombe Serikali ipate orodha ya yale mafuvu yapatayo 200 ya Tanzania pamoja na kila neno lililoandikwa juu yake au kwenye karatasi zake, itafsiriwe kwa Kiswahili, na ibandikwe kwenye ofisi za vijiji. Neno ambalo kwa mtafiti halina maana linaweza kuwa jina la kijito kwa mzee wa hapa.

*Nne.* Tuombe koo zinazotaka kutoa sampuli zijue utaratibu. Tuna sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, na tuna Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Familia isilazimike kutegemea hisani ya mradi wa nje ndipo ipimwe, na sampuli zikitoka nje ya nchi zitoke kwa utaratibu unaojulikana.

*Tano.* Mafuvu yatakayorudi kabla ya kupata majina yapokelewe kwa heshima, lakini yasichanganywe kwenye kaburi moja. Kila moja na sanduku lake, na namba yake, na kumbukumbu zake, mahali panapoweza kufunguliwa siku jibu likipatikana. Kuzika kwa pamoja ni kufunga kitabu kabla ya ukaguzi.

*Sita.* Kazi hii isigeuzwe uwanja wa koo kunyoosheana vidole, nani alimchongea nani kwa Mjerumani mwaka 1900. Daftari linatafuta waliochukuliwa. Na wenzetu wa Meru, Arusha, Kibosho na Marangu tuwape nakala ya kile tutakachopata, kwa sababu watu wa baadhi yao walinyongwa siku moja na watu wetu.

*Saba.* Yeyote atakayeomba kuteuliwa na Chama kugombea uongozi wa kijiji au kitongoji mwaka huu aulizwe mbele ya wanachama: umeandika wazee wangapi? Asiyeandika hata mmoja, tumsikilize kwa mengine, lakini asije kutuhutubia kuhusu Mangi Meli.

Gharama nimezipiga: madaftari, kalamu, nauli na bando za vijana. Ni chini ya tulichotumia kwa fulana za mwaka jana. Mchanganuo nitaugawa kikaoni, na mtunza hazina ameshauona.

Ndugu wanachama, Jumamosi tutaimba, tutaweka maua, watoto watacheza ngoma. Wageni watasema maneno mazuri. Saa kumi jioni wageni watakuwa wameondoka na tutabaki wenyewe ndani ya ofisi yetu, na mtaulizwa kunyoosha mikono. Naomba mnyooshe mikono mkikumbuka kwamba wale watu 19 walikuwa na majina pale walipopandishwa mtini, na kila mmoja aliyesimama akitazama aliyajua.

Mlioko Dar, Arusha, Nairobi na kwingineko: hamtakuwa na kura, lakini mna wazazi. Pigeni simu leo. Ulizeni jina moja. Nitumieni mimi binafsi, msiweke kwenye grupu, hadi ukoo utakaporidhia.

Kikao: Jumamosi, 2 Machi 2024, saa kumi kamili jioni, ofisi ya Tawi. Wajumbe mje na kadi. Wazee watafuatwa na gari.



*Katibu wa Tawi*